Mtoto wa Kupimia

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mtoto wako hapa Garissa si wako peke yako. Ukiingia naye dukani kununua sare, jua kwamba kabla hamjatoka atakuwa amevalishwa shati la mtoto mwingine. Wazazi wengi wanaojaa sokoni msimu huo wametoka mbali, wengine Kotile, wengine Dadaab, na watoto wamewaacha nyumbani na mbuzi. Kwa hiyo mzazi husimama mlangoni akawatazama watoto waliomo, kama mtu anayechagua kondoo wa Idi, mpaka amwone aliye kimo cha wake. Kisha humgeukia mama yake. "Walaal, niazime huyu," atasema, yaani ndugu yangu, nipe mtoto wako nimpimie wangu. Nawe unamwazima, hukatai. Mtoto anavishwa, anageuzwa, anainuliwa mikono, mzazi anasema mashallah ili jicho lisimdhuru, anampa peremende, yamekwisha.

Mabinti wangu watatu nimewaazimisha miaka yote bila kufikiri. Mkubwa amejaribu hijabu za wasichana wa vijiji ambavyo mimi mwenyewe sijavikanyaga, na tulikuwa tukimtania kwamba ana pacha kila kona ya kaunti. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiswahili, na niseme mapema kwamba si mtu wa kuogopaogopa. Wanafunzi wangu watakwambia nani huogopwa. Habari za majini na vijicho nimezisikia tangu utotoni, nikaziweka mahali pake, pamoja na ahadi za wanasiasa. Nasema hivi ili mtu asidhani niliingia dukani nikitafuta kitu cha kunitisha.

Mtoto wa kiume ninaye mmoja, kitindamimba. Mwaka huo ninaoukumbuka alikuwa anaingia Gredi ya Pili, na ilikuwa mara yake ya kwanza kununuliwa sare mpya, maana zile za mwanzo alirithi kwa binamu. Alifurahi mpaka akakosa usingizi wa mchana. Fundi tunayemwendea ni Mkamba aliyekuja mji huu kijana akazeekea hapa. Siku hizi akitaka kuapa husema wallahi, ingawa Jumapili utamkuta kanisani. Duka lake liko ndani kabisa ya soko, pale mabati yalipofunika vijia hata ukitoka kwenye jua unaingia kwa kupapasa. Sisi huliita soko la giza na hakuna anayeona ajabu. Baba yao hawezi kustahimili humo. Alitufikisha mlangoni, akaenda kukaa kwenye benchi la muuza chai na wenzake, wazungumze bei ya ng'ombe, kazi ambayo kwake ni sawa na ibada.

Nilikuwa nabishana na fundi kuhusu sketi ya binti wa pili alipoingia mwanamke wa rika langu. Alivaa jilbabu ya rangi ya udongo na viatu vya plastiki vilivyojaa vumbi la safari. Nilimwona kwa sababu hakusimama mlangoni kuchagua. Alipita katikati ya watoto wote, akaenda moja kwa moja hadi kwa mwanangu, kama mtu aliyeacha kitu chake mahali na sasa amekuja kukichukua. Mimi hakuniangalia wala hakuniomba. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Hooyo, njoo."

Hapa nieleze. Kwetu mama humwita mwanawe hooyo, ambalo ndilo neno la mama. Jina analoitwa yeye humrudishia mtoto. Shangazi naye humwita mtoto eeddo, neno la shangazi, na ndivyo mtoto anavyojua anaongea na nani. Wapo kina mama wanaowaita watoto wote wa mtaa hooyo, nakubali, nami mwenyewe hulitumia darasani ninapotaka mtu alete daftari kwa amani. Lakini kuna hooyo la mdomoni, na kuna lile linalotoka kwa mtu aliyekuita hivyo tangu ukiwa tumboni. Yule mwanamke alilisema hili la pili, na mwanangu akaenda.

Fundi aliwatolea shati jeupe na suruali ya kijani, sare ya shule isiyo yetu. Mwanamke alimvisha. Hakumvisha kama watu wanavyovisha mtoto wa kuazima, kwa ncha za vidole. Alimpitisha mkono kwenye shati huku akitazama pembeni, kama mtu afanyavyo kila asubuhi. Fundi akamfunga mtoto kifungo cha shingoni ili aone kola inavyokaa.

"Fundi, kifungo ya juu wacha," mwanamke akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kisomali, kinachoigeuza p kuwa b. "Yeye habendi."

Mwanangu akainua mkono akakifungua kifungo.

Mwanangu, na hili ndugu zake wote ni mashahidi, alikuwa ndiye mtoto pekee Garissa aliyefunga vifungo mpaka kidevuni. Katika jua hili! Tulimwita imamu kwa ajili hiyo. Nilimwona akikifungua polepole, bila kutazama chini. Mwanamke alimvua, akakunja nguo, akatoka. Hakusema mashallah. Nikaisema mwenyewe, kimoyomoyo, nikaona aibu kwa kuisema.

Njiani kurudi nilimweleza baba yao. Alicheka.

"Amesahau tu," akasema. "Una wivu na shati la mtu?"

Lakini tangu siku hiyo kifungo cha juu hakikufungwa tena. Kisha, wiki chache baadaye, nikimwogesha uani, mwanangu alishika mkono wangu uliokuwa na kopo. "Usinimwagie kichwani," akasema. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliniomba kama mtu mzima anavyoomba jambo ambalo sababu yake hataki kuieleza. Tangu hapo nikawa nampangusa kichwa kwa kitambaa. Nikajiambia watoto wana vituko vyao, hupita.

Mwaka uliofuata nilifika dukani nikiwa nimeshausahau uso wa yule mwanamke. Kumbe yeye alikuwa amekaa ndani, juu ya furushi la vitambaa, mikono magotini. Hakuwa akichagua wala akinunua. Tulipoingia akasimama na kuita jina. Halikuwa jina la mwanangu, wala hayakaribiani.

"Haa," mwanangu akaitika, akaniachia mkono.

Safari hii nilimkodolea macho mwanamke yule tangu mwanzo hadi mwisho. Alimsimamisha mbele yake akampima mkono kwa mkono wake. Akamgeuza, akamlazia kola, akapitisha kiganja mgongoni. "Umekua, hooyo," akamwambia kwa Kisomali. Halafu akabaki amemshika mabega, na mtoto akabaki ameshikwa, wote wawili wametulia mno katika duka lililojaa kelele, mpaka fundi akakohoa. Mwanamke akachukua nguo zake akaondoka.

"Kwa nini umeitika?" nikamwuliza mwanangu.

"Aliniita."

"Lile si jina lako."

"Najua," akasema. "Lakini hakuna mwingine aliyeitika."

Niliwaacha watoto ndani nikamvuta fundi hadi kijiani. Nilimwuliza mwanamke yule ni nani, na mtoto wake yuko wapi siku zote hata awe anapimiwa kwa wangu. Fundi akanitazama kwa mshangao.

"Mwalimu, mimi nilidhani unajua. Mtoto wake alichukuliwa na mto, yale mafuriko. Walitafuta mpaka huko chini kabisa. Hawakupata hata kiatu."

"Sasa nguo anamnunulia nani?"

"Ni yeye tu, huyo mtoto. Baba ya mtoto alitaka aswaliwe, waanue matanga, wamalize. Mama akakataa. Sheikh wao amesema mtu amepotea bila mwili ni hai mpaka kadhi aamue, na kadhi hajaamua. Basi mama anasema kama ni hai, Januari anaenda shule. Na mtoto akienda shule lazima akue."

"Na zile za mwaka jana?"

Fundi alikuna shingo. "Anasema zimembana," akajibu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sitasema kwamba sikumhurumia. Nilimhurumia pale pale kijiani mpaka machozi yakanilenga. Lakini huruma haikukaa. Niliwaza kopo la maji, na nilivyokuwa nikimpangusa mwanangu kichwa mwaka mzima kabla sijasikia habari ya mto. Niliogopa jambo moja, na naliandika kama nilivyolifikiri siku ile. Kulikuwa na mtoto asiye na mwili, na mama yake alikuwa akimtengenezea mwili kutoka kwa wangu, leo shingo, kesho mikono, sasa na kuitika. Niliogopa kwamba siku moja ataitwa na ataondoka mzima.

Nilimwambia baba yao hivyo hivyo. Safari hii hakucheka. Alisema tumwache mama wa watu na msiba wake, kwamba shati halijamuua mtu. Lakini jioni ile nilimwona amemkalisha mtoto mapajani, mkono kichwani pake, akimsomea Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, na alipoona namtazama akajifanya anamtafuta chawa.

Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Shuleni tulikuwa tukizungumza habari za mto kupanda, walimu wanaoishi ng'ambo wakiomba ruhusa ya kuondoka mapema. Asubuhi moja nilitoka uani nikamkuta mwanangu amesimama langoni, amevaa, begi mgongoni, hajanywa hata chai. Nikamwuliza anakwenda wapi saa hiyo.

"Nitachelewa," akasema. "Lazima nipite kabla maji hayajafunga njia."

Kutoka kwetu hadi shuleni hakuna mto. Kuna kituo cha mafuta, kuna msikiti, kuna shimo moja la barabarani ambalo kaunti imeliahidi lami tangu nimeolewa. Nilimwondolea begi mgongoni, nikamshika usoni, nikamwita kwa jina lake mpaka akachoka kuitika.

Ilipofika Januari nilikuwa nimeshaamua. Baba yao alisema twende duka jingine, mji una mafundi wengi. Nikamwambia mimi si mtu wa kuhamishwa duka. Yule fundi amenishonea tangu nilipokuwa mwalimu wa mazoezi na hakuna mwanamke kutoka popote atakayenifanya nipite nyuma ya soko kama mwizi wa kuku. Huo ulikuwa ubishi wangu wa kawaida, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo jingine. Kumkwepa kusingemaliza kitu. Nilitaka asikie neno kutoka kinywani mwangu.

Nilimshika mwanangu kifundo cha mkono tangu mlangoni. Mwanamke alikuwa pale pale kwenye furushi lake. Alisimama.

"Hooyo, njoo."

Nilihisi mkono wa mwanangu ukivuta. Nikaukaza.

"Huyu ni wangu," nikasema. "Leo haazimwi."

Kina mama waliokuwa wanagombania soksi waligeuka kunitazama, maana neno hilo hakuna aliyewahi kulisikia likisemwa humo. Kumnyima mtu mtoto wa kupimia ni kama kumnyima msafiri maji. Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Na yule mwanamke, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, aliniangalia. Nilijiandaa kwa matusi, nikawa na yangu mdomoni, yamepangwa. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeamshwa.

"Nitampima kwa nani?" akaniuliza kwa Kisomali.

"Wako hapimwi," nikamjibu. "Wako hayupo."

Nililisema kwa sauti ya darasani, kila mtu akasikia. Mwanamke alisimama kitambo akilitafakari, midomo ikitikisika kidogo kama anayelirudia ili alishike vizuri. Kisha akamgeukia fundi.

"Nibatie saizi ya mwaka jana."

"Mama, si umesema ya mwaka jana imeanza kumbana?"

"Iko sawa," akasema. Halafu kwa Kisomali, bila kumtazama mtu yeyote, akasema, "Kama hakuna wa kumpimia, basi abaki alipo. Asikue tena."

Alichukua nguo, akatoka. Nilisikia viatu vyake vya plastiki mpaka mwisho wa kijia.

Nilipumua. Nilifurahi, sitajifanya. Niliwanunulia wangu kila kitu nilichopanga na vingine nisivyopanga, nikatoka kichwa juu. Baba yao alipopata habari, kabla hata hatujafika kwenye gari, maana sokoni neno hutembea upesi kuliko miguu, alikasirika kama ambavyo sijamwona akikasirika.

"Umemwambia mama huyo nini?" akaniuliza. "Ungemwazima tu, ikapita."

"Kwani wewe ulikuwa unamsomea nini jioni ile?"

Akawasha gari.

Na mambo yakawa mazuri, ndiyo ninachotaka kukieleza. Wiki ile ile mwanangu alichukua kopo mwenyewe akajimwagia maji kichwani akipiga kelele za furaha. Vifungo vikarudi kidevuni. Hakusimama tena langoni asubuhi. Ukimwita kwa jina lake anaitika, na usipomwita haitiki. Nilimwambia baba yao, unaona? Akasema alhamdulillahi, akaniomba radhi, nami nikaipokea kwa majivuno yote niliyo nayo, ambayo si haba. Nililala usingizi mnono mwaka ule.

Desemba ilipokuja nilitoa sare zake ili nimpelekee dada yangu, ambaye mwanawe humfuata wangu. Nilitaka tu kuona kama suruali inahitaji kukunjuliwa pindo. Nikamwambia aivae. Ilimkaa. Nikamwambia simama sawasawa, usikunje magoti. Alikuwa amesimama sawasawa. Pindo lilikuwa pale pale lilipokuwa Januari, juu ya kifundo cha mguu. Shati lilimkaa mabegani kama siku fundi alipolikata. Viatu, ambavyo kila mwaka huviua kabla ya muhula wa tatu, viliingia bila hata kusukuma.

Ndipo nikakumbuka mambo niliyokuwa nikiyaona bila kuyaona. Jumatatu tunapopanga watoto uwanjani kwa urefu, pale shuleni kwangu anakosoma naye, wafupi mbele, mwanangu alianza mwaka katikati ya mstari. Kufikia muhula wa pili alikuwa karibu na mbele. Sikukumbuka ni siku gani alikuwa wa kwanza kabisa, lakini picha ninazo za macho, mimi nikiwa kwenye veranda ya ofisi, yeye pale mbele, wenzake wamempita mmoja mmoja kama watu wanaopanda basi huku yeye amebaki kituoni.

Tulimpeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alimpima kila kinachopimika, akasema mtoto ni mzima, damu safi, anakula. Alisema watoto wengine husimama kidogo halafu hufyatuka, tuwe na subira. Baba yao alimshika mkono akamshukuru sana. Ndani ya gari hakuna aliyewasha redio.

Januari hii iliyopita nilikwenda kwa fundi mapema na mwanangu peke yake. Nikakaa juu ya furushi la vitambaa. Kila mzazi aliyeingia alimwona, maana sasa alikuwa kimo cha watoto wengi wadogo, na wote waliniomba. Niazime huyu, walaal. Nikampa kila aliyeomba. Alivaa shati la kila rangi, akageuzwa, akaambiwa mashallah mpaka mfuko ukajaa peremende. Kila aliyemvisha nilimtazama mikono. Sikujua kama yule mwanamke angekuja. Nilijua tu kwamba asipokuja nitamfuata hadi kwao, na kwao sikujua ni wapi.

Alikuja baada ya adhuhuri. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso umetulia. Alisimama mlangoni kama watu wengine akatazama watoto wa kike. Aliponiona alinisalimu vizuri, akaniita walaal, akaniuliza habari za nyumbani. Nilimsukuma mwanangu mbele.

"Mpime," nikasema.

Alimtazama. Akaweka kiganja kichwani pake. "Eeddo, hujambo?" akamwambia, na mwanangu akamjibu hajambo, kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni.

"Wangu tumemswalia," akaniambia. "Kadhi aliamua kabla ya Ramadhani. Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki, na nilikubali humu humu dukani, siku ile. Leo namnunulia dada yake."

"Nisamehe," nikasema. Watu walikuwa wanatusikiliza na sikujali.

"Nilikusamehe zamani. Ulisema kweli."

"Basi huyu mpime. Tafadhali. Hakui. Tangu siku ile hajakua."

Aliinama akamtazama mwanangu vizuri, miguu, mabega, viganja, na nikaona usoni mwake kwamba ameona. Hakuonyesha kushangilia, wala hakuonyesha kuelewa. Aliinua mikono akamwombea dua, ndefu, kwa moyo, fundi akasimamisha cherehani mpaka alipomaliza na duka zima likasema amin. Kisha akamnunulia binti yake hijabu, akaniaga, akaenda zake kuwahi gari. Ningalipendelea anilaani. Laana ina mwenyewe, unaweza kumwendea ukampigia magoti akaiondoa. Hili la sasa sijui nimpelekee nani.

Kina mama walirudi kwenye soksi zao. Fundi alingoja, halafu akaniuliza kwa upole anitolee saizi gani.

"Ya wenzake," nikasema. "Ya watoto wa umri wake."

Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akapanda kwenye kiti kuitoa.

Ndiyo anayoivaa muhula huu. Asubuhi namkunjia mikono ya shati, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka vidole vitokeze, na suruali naifunga kwa mshipi wa baba yake uliotobolewa tundu la ziada. Baba yao huondoka uani nikiifanya kazi hiyo. Mwanangu huniuliza lini nguo zitamtosha. Namwambia muhula ujao, naye huinua mkono wa pili nimkunjie.